Magonjwa ya Hisia: Namna ya Kuyatambua na Kuyatibu Ukiishi Mombasa

Mwenye ugonjwa wa hisia mjini Mombasa mara nyingi hufika zahanati akilalamikia mwili. "Kichwa chaniwanga." "Moyo wanienda mbio." "Mwili wote wanichoma." Hupimwa malaria, hupewa dawa ya maumivu, hurudi nyumbani, na baada ya wiki mbili yuko pale pale. Hadanganyi, maana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, huleta maumivu ya kweli. Kinachokosekana ni historia: yalianza lini, analala saa ngapi, na kabla ya hapo alikuwaje. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoonyesha sonona au bipola, ugonjwa wa hisia za kupanda na kushuka. Magonjwa haya husomwa kwa mwenendo wa siku nyingi, na kwa hiyo mwongozo huu unalitegemea daftari kabla ya kuitegemea dawa.

Kabla ya yote: kuna hatari leo?

Muulize wazi, faraghani, kwa sauti ya kawaida: "Mwanangu, umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kulisema alilokuwa amelibeba peke yake. Akikubali, endelea: amepanga namna gani, anacho cha kutumia, ni lini? Mwenye mpango haachwi peke yake hata dakika chache. Ondoeni nyumbani vidonge vyote, pamoja na vya sukari na presha vya bibi, sumu ya panya, dawa ya wadudu na mafuta ya taa, kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Mkitokea Likoni, waende naye watu wawili, na kwenye feri mbaki katikati, mbali na ukingo.

Dharura nyingine zisizongoja kesho ni hizi: anayesikia sauti zikimwamuru, aliyeacha kula na kunywa, ambaye hajalala siku kadhaa na bado anakimbia huku na huku, na mama aliyejifungua karibuni akaanza kusema mambo yasiyoeleweka. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, hupokea wanaohitaji mtu wa kuzungumza naye.

Hofu ya polisi imewafanya jamaa wengi wamfiche aliyejaribu kujiua, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jambo hilo kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Mwambieni daktari ukweli wote: amemeza nini, kiasi gani, saa ngapi. Beba na pakiti tupu.

Hatua ya 1: Tenganisha huzuni na sonona

Aliyefiwa hulia, lakini akija rafiki wa utotoni hucheka kidogo, na chakula akipendacho bado kina ladha. Sonona huziba vyote. Madaktari huhesabu dalili tisa: huzuni au moyo mzito karibu kutwa nzima, kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, kubadilika kwa hamu ya chakula au uzito, usingizi kukatika au kuzidi, mwili kuwa mzito au kutotulia, uchovu, kujiona hana thamani au kujilaumu kupita kiasi, akili kutoshika jambo, na fikra za kifo. Zikiwepo tano au zaidi, moja ikiwa kati ya mbili za mwanzo, karibu kila siku kwa wiki mbili, na zimemzuia kufanya kazi zake, hiyo ni sonona.

Usimtafute anayelia tu. Wanaume wengi huonyesha sonona kwa hasira, kwa kukwepa baraza na kwa kuongeza pombe au muguka. Mzee huacha kwenda msikitini au kanisani akisingizia magoti. Kijana hushuka masomoni na kulala mchana.

Dodoso la PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili, huuliza dalili hizo tisa kwa wiki mbili zilizopita, kila moja ikipewa alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10 kati ya 27, nenda ukapimwe. Swali la tisa ndilo linalouliza kuhusu kifo: likipata alama yoyote isiyo sifuri, usingoje jumla.

Kuna pia sonona ya chini chini inayodumu miaka miwili au zaidi. Watu humwita mwenye nayo "ndivyo alivyo," naye mwenyewe huamini hivyo. Inatibika.

Hatua ya 2: Tafuta upande wa pili

Hapa ndipo makosa makubwa hutokea. Mwenye bipola hupitia vipindi vya sonona na vipindi vya mania, yaani vya kupanda juu kupita kiasi, na kwa kawaida huja kutafuta msaada akiwa ameshuka, kwa kuwa akiwa juu hujiona mzima kuliko watu wote. Asipoulizwa juu ya siku zile za juu, hupewa dawa ya sonona peke yake, na dawa hiyo yaweza kumrusha kwenye mania.

Muulize yeye, kisha muulize mke, mama au mwenzake wa kazi: kumewahi kuwa na siku mfululizo alizolala saa mbili tatu na asichoke? Akaongea kwa kasi hata asikatike, akiruka kutoka jambo hili hadi lile? Akatoa bidhaa za duka bure, akakopa kwa simu, akaahidi ndoa kwa mtu aliyemjua jana, akadai amepewa ujumbe maalumu? Hali hiyo ikidumu wiki moja, au ikihitaji kulazwa hospitali hata kabla ya wiki kwisha, ni mania. Ikidumu siku nne au zaidi bila kumharibia maisha, ni mania nyepesi, na hiyo ndiyo hupita bila kuonekana. Familia huisifu: "Siku zile alikuwa mchangamfu!"

Uliza pia ukoo. Shangazi "aliyekuwa akipandisha," au mjomba aliyefungiwa chumbani miaka mingi, huenda alikuwa na bipola isiyopewa jina.

Hatua ya 3: Fungua daftari

Daftari lolote la shule latosha. Kila usiku, saa ile ile, andika mstari mmoja: tarehe, saa alizolala usiku uliopita, hisia kwa alama kutoka −5 hadi +5, dawa aliyomeza na saa, muguka, miraa, pombe au kahawa, hedhi kwa mwanamke, na tukio kubwa la siku kwa maneno machache. Sifuri ni kawaida yake mwenyewe, si kawaida ya jirani. Alama −5 ni kushindwa kutoka kitandani au kutaka kufa. +5 ni kupoteza mipaka yote.

Tumieni kalamu za rangi mbili. Mgonjwa huandika alama yake, na jamaa mmoja aliyekubaliwa naye huandika ya kwake pembeni. Katika mania mgonjwa hujipa +1 wakati dada yake anaona +4, na pengo hilo kati ya rangi mbili ndilo daktari atalitazama kwanza. Jamaa asiandike kwa siri, kwani likigunduliwa, daftari litatupwa na imani nayo itaondoka.

Daftari huharibika kwa namna mbili: kujazwa la wiki nzima asubuhi ya kwenda kliniki, na kuandikwa "vizuri, vibaya, vizuri" bila alama wala saa. Ukichoka, andika usingizi na dawa tu. Usingizi ndio hubadilika mapema. Ukishuka kutoka saa saba hadi nne kwa siku mbili mfululizo, naye hachoki, piga simu kliniki usingoje tarehe yako.

Hatua ya 4: Ondoa vinavyofanana

Kabla ya kuthibitisha ugonjwa wa hisia, daktari hupaswa kuangalia tezi ya shingo (TSH), wingi wa damu, sukari, VVU kwa ridhaa ya mgonjwa, na mimba kwa mwanamke wa umri wa kuzaa. Tezi iliyolegea huleta uchovu, uzito na moyo mzito sawa na sonona. Iliyochachamaa huleta kukonda, kutotulia na kukosa usingizi.

Taja kila dawa unayotumia. Prednisolone, ambayo wenye pumu na magonjwa ya viungo huitumia, yaweza kuleta mania. Efavirenz kati ya dawa za VVU yaweza kuvuruga hisia. Pombe ya kila siku husababisha sonona hata ikidhaniwa kuwa ndiyo liwazo lake. Muguka na miraa vina kathinoni, kichocheo kinachofukuza usingizi, na kwa mwenye bipola kukosa usingizi peke yake kwatosha kuamsha mania. Anayetumia heroini huhitaji matibabu ya yote mawili kwa pamoja. Kumwambia "acha kwanza ndipo tukutibu" ni kumfukuza.

Hatua ya 5: Elewa chanzo bila kutafuta wa kulaumiwa

Hakuna chanzo kimoja. Kuna kurithi: takriban mtoto mmoja kati ya kumi wenye mzazi mwenye bipola hupata ugonjwa huo, maana yake wengi hawaupati. Sonona hurithiwa kwa kiasi kidogo zaidi. Juu ya urithi huja maisha: kupigwa au kudhulumiwa utotoni, kufiwa, talaka, deni, ugonjwa wa muda mrefu, kujifungua, kukosa kazi. Mfadhaiko usiokwisha huweka homoni ya kotisoli juu, huvuruga usingizi, na maeneo ya ubongo yanayoongoza hamu na hofu hubadilika utendaji wake. Wakati mwingine ugonjwa huja mambo yote yakiwa mema, na swali la "una shida gani wewe?" humuumiza bure.

Familia nyingi za Pwani zitauliza kuhusu majini, husuda au kurogwa. Hatumwambii mtu aache kisomo au maombi; yakimpa utulivu, yaende sambamba na kliniki. Tunasisitiza masharti haya: dawa zisikatizwe, mgonjwa asipigwe, asifungwe, asinyimwe chakula wala usingizi, asinyweshwe mitishamba bila daktari kujua, na dalili za hatari zikitokea, hospitali iwe mbele. Mganga au shehe anayekataa masharti haya, muondokee.

Hatua ya 6: Nenda ukiwa umejiandaa

Anzia kituo cha afya kilicho karibu: afisa wa kliniki aweza kuanza matibabu ya sonona ya kawaida. Kwa mania, kusikia sauti au sonona nzito, nenda Hospitali ya Port Reitz, upande wa Changamwe, yenye kitengo cha afya ya akili. Aliyemeza sumu au aliyejiumiza apelekwe idara ya dharura ya Coast General au hospitali yoyote iliyo karibu zaidi.

Beba kitambulisho, nambari ya SHA (bima ya afya ya serikali), daftari, pakiti za dawa zote na jamaa mmoja anayekujua vyema. Usianze na kichwa kuuma. Sema hivi: "Tangu mwezi jana nalala saa tatu, sina hamu ya kitu, nimepungua kilo nne, na nimefikiria kufa." Sentensi hiyo hufupisha safari ya miezi. Kabla ya kuondoka uliza mambo matatu: ugonjwa unaitwaje, dawa itaanza kufanya kazi lini, na nirudi nikiona nini.

Hatua ya 7: Tiba isiyo ya vidonge

Kwa sonona nyepesi, mazungumzo ya kitaalamu yanaweza kutosha. Kwa ya kati na nzito, huenda pamoja na dawa. Mshauri mzuri hukupa kazi ya kufanya kati ya kikao na kikao. Ukisikilizwa tu kila wiki miezi mitatu bila mabadiliko daftarini, badilisha.

Mbinu moja unaweza kuianza leo. Sonona humwambia mtu angoje hamu irudi ndipo atoke, lakini hamu hurudi baada ya kutenda. Andika shughuli tano ndogo na uzipange kwa urahisi: kuoga kabla ya saa mbili asubuhi, kukaa kizingitini dakika tano, kumpigia mtu mmoja simu, kununua mahamri kona ya mtaa, kutembea dakika kumi ufukweni Mama Ngina jioni. Chagua mbili rahisi, ziwekee saa, na uzifanye hata moyo ukiwa mzito. Andika alama ya hisia kabla na baada. Ongeza moja kila siku tatu nne. Kosa la kawaida ni kuanza na kubwa, kama kufungua duka kutwa, kushindwa, kisha kuhesabu kushindwa huko kuwa ushahidi wa unyonge.

Hatua ya 8: Dawa za sonona, wiki kwa wiki

Fluoxetine ndiyo hupatikana kwa wingi. Kawaida huanza miligramu 20 asubuhi baada ya chai. Wiki ya kwanza huleta kichefuchefu, kichwa kuuma, wasiwasi au usingizi mwepesi, na madhara hayo mengi hupungua ndani ya siku kumi hadi kumi na nne. Watu wengi huacha hapo, wakiwa wamepata tabu ya dawa bila faida yake. Wiki ya pili hadi ya nne usingizi na nguvu huanza kurudi. Moyo hufuata baadaye. Nguvu ikitangulia moyo kuna hatari, hasa kwa walio chini ya miaka 25: fikra za kujiua zikiwa bado zipo, sasa ana nguvu ya kuzitimiza. Jamaa wamkaribie zaidi katika wiki hizo. Baada ya wiki nne hadi sita pasipo nafuu, daktari huongeza kipimo au hubadilisha.

Ukipona, endelea angalau miezi sita, na mwenye kurudiwa na ugonjwa huenda akashauriwa miaka miwili. Kuacha ni kwa kupunguza pole pole, si chini ya wiki nne, chini ya daktari. Dawa hizi si za kulevya, lakini kukatiza ghafla huleta kizunguzungu na hasira. Usichanganye na tramadol, dawa ya maumivu: pamoja huweza kuleta joto kali, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Dawa hizi zaweza kupunguza hamu au uwezo wa tendo la ndoa. Mwambie daktari bila haya, kwa kuwa kuna njia za kurekebisha.

Amitriptyline ni rahisi kwa bei na husaidia usingizi, ila hukausha kinywa na hufunga choo. Ikimezwa kwa wingi hudhuru moyo na huua. Kwa mwenye fikra za kufa, dawa ashike mtu mwingine, na atoe kidonge cha siku tu.

Hatua ya 9: Bipola, lithiamu na joto la Mombasa

Lithiamu ni chumvi. Mwaka 1949 John Cade, daktari wa Australia, aliandika kwamba inatuliza mania, na mpaka leo ndiyo yenye ushahidi imara zaidi wa kuzuia bipola isirudi na kupunguza vifo vya kujiua. Ugumu wake ni kwamba kiwango kinachotibu kiko karibu na kinachodhuru. Kiwango chake damuni hulengwa kuwa milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita, au hadi 1.0 mania ikiwa imewaka, ikipita 1.5 sumu huanza kuonekana. Damu hutolewa saa 12 baada ya kidonge cha mwisho. Umemeza saa tatu usiku? Fika maabara saa tatu asubuhi, na usimeze kabla ya kutolewa damu. Ukimeza asubuhi hiyo, jibu litasoma juu bila sababu. Si kila maabara hupima lithiamu, kwa hiyo uliza ipi kabla ya kuanza dawa. Hupimwa wiki moja baada ya kuanza au kubadilisha kipimo, kisha kila miezi mitatu mwaka wa kwanza. Figo na tezi kila miezi sita.

Sasa joto. Mwili ukikaukiwa maji, figo hushikilia sodiamu, na lithiamu nayo hubaki damuni. Musimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mpakuzi wa bandarini au mpishi wa jiko la mkaa aweza kupanda kiwango bila kuongeza kidonge hata kimoja. Kunywa lita mbili hadi tatu za maji kwa siku, zaidi ukifanya kazi juani. Usipunguze chumvi ghafla. Ukiharisha au kutapika, simamisha lithiamu na uende hospitali siku hiyo. Dawa za maumivu ibuprofen na diclofenac huipandisha, tumia paracetamol. Hydrochlorothiazide, enalapril na losartan za presha huipandisha pia: anayekuandikia dawa ya presha lazima ajue. Mikono kutetemeka sana, ulimi kuwa mzito, kuyumba, kusinzia na kuchanganyikiwa ni sumu.

Ramadhani ipangwe mapema, tangu Shaabani. Aya za 184 na 185 za Surat Al-Baqara zimempa mgonjwa ruhusa ya kula, na kwa wengi wanaotumia lithiamu ruhusa hiyo ndiyo salama. Ambaye daktari ameridhia afunge ameze dozi usiku, agawe maji tangu futari hadi daku, na apime damu kabla ya mwezi na katikati yake. Alinde usingizi vilevile: kukesha mpaka daku kila usiku kumewaamshia mania watu ambao kiwango chao cha dawa kilikuwa sawa kabisa.

Kuna dawa nyingine. Sodium valproate isitumiwe na mwanamke anayeweza kushika mimba, kwa kuwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi walioipata tumboni huzaliwa na kasoro, na wengi zaidi huchelewa kukua kiakili. Carbamazepine hudhoofisha vidonge na vijiti vya kupanga uzazi, lakini sindano ya Depo na koili ya shaba haziathiriki. Ikileta upele, simamisha na uende hospitali. Olanzapine hutuliza mania haraka lakini huongeza uzito na sukari, kwa hiyo pima vyote kabla ya kuanza na kila baada ya miezi mitatu.

Mzazi katika arobaini

Machozi ya siku ya tatu hadi ya kumi baada ya kujifungua ni ya kawaida, nayo huisha ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, mama akikosa raha na mtoto, akishindwa kulala hata mtoto akilala, apimwe sonona. Mama mmoja au wawili kati ya elfu hupata ugonjwa mkali wa akili, mara nyingi katika wiki mbili za kwanza: halali, anachanganyikiwa, anaamini mambo ya ajabu kuhusu mtoto. Apelekwe hospitali usiku huo huo, na mtoto ashikwe na mtu mwingine. Mwanamke mwenye bipola yumo hatarini zaidi, hivyo mpango wa dawa na wa nani atakayekesha na mtoto uandikwe kabla ya kujifungua. Sertraline, dawa ya sonona, huchaguliwa mara nyingi kwa anayenyonyesha.

Hatua ya mwisho: Mkataba wa siku mbaya

Uandikeni mgonjwa akiwa mzima, kwa maneno yake. Ishara zake tatu za mwanzo, zilizotoka daftarini na si kwenye kumbukumbu: pengine ni kupiga simu usiku, kuanza kuvaa manukato mengi, kuacha kujibu salamu. Nani ataziona na kumwambia. Nani atashika kadi ya benki na simu yenye M-Pesa, na kwa siku ngapi. Hospitali ipi, dawa ipi iliyomsaidia na ipi iliyomdhuru. Nani atawachukua watoto. Nakala moja ikae ndani ya daftari, moja kwa jamaa aliyetajwa, na moja kwenye faili la kliniki. Isomwe upya kila baada ya tukio, kwa kuwa ishara za mtu hubadilika miaka ikienda.